Mji wa Göttingen na Mama Wenye Nyumba Wake

Katika uwanja wa soko wa Göttingen, mji wa chuo kikuu uliopo katikati ya Ujerumani, kuna chemchemi yenye sanamu ya shaba ya msichana mchunga mabata bukini. Wenyeji humwita Gänseliesel, Liesel wa mabata, na tangu alipowekwa hapo mwaka 1901 wanafunzi wamekuwa wakiparamia chemchemi hiyo ili wambusu. Mwaka 1926 mji ulipiga marufuku mabusu hayo, mwanafunzi mmoja akaenda mahakamani kuipinga amri, akashindwa, na desturi ikaendelea kana kwamba hakuna hakimu aliyetamka neno. Siku hizi busu ni haki ya aliyepata shahada ya uzamivu: wenzake humpandisha kwenye mkokoteni uliopambwa, humvisha kofia waliyoitengeneza wenyewe kwa karatasi ngumu, humkokota hadi sokoni, naye hupanda, humbusu msichana wa shaba na kumwachia shada la maua.

Mama mwenye nyumba wangu hakumpenda Liesel. Alikuwa mjane wa zaidi ya miaka sabini, nami niliishi katika chumba cha darini kwake kwa miaka minne nikisomea mambo ya misitu. Kila aliposikia kelele za mkokoteni unaopita, alinikumbusha kwamba mwanamke maarufu kuliko wote katika mji wao hajawahi kulala humo hata usiku mmoja, wala kumfulia mtu shuka, wala kumdai mtu kodi. Nilidhani ni utani wa mzee. Baadaye, kwa kuwa majioni ya baridi kule ni marefu na maktaba ni nzuri, nilianza kusoma historia ya mji, nikaona kwamba yule mama alikuwa ameusema ukweli kwa namna ya kulalamika.

Chuo Kikuu cha Göttingen kilizinduliwa mwaka 1737 chini ya mamlaka ya Georg wa Pili, mtawala wa Hannover ambaye pia alikuwa mfalme wa Uingereza, na wanawake waliruhusiwa kuandikishwa kuwa wanafunzi kamili mwaka 1908, ruhusa hiyo ilipotolewa katika Prussia nzima, dola ya Kijerumani ambayo mji huo ulikuwa chini yake wakati huo. Kati ya miaka hiyo miwili kuna miaka 171. Mtu akiihesabu kama miaka ambayo wanawake hawakuwamo, atakosea sana, kwa sababu katika muda huo wote chuo kilikula, kililala, kilichapisha vitabu na kujifunza ukunga kwa mikono na miili ya wanawake.

Nianze na malazi, maana ndiyo niliyoyajua kwa karibu. Chuo kilipofunguliwa hakikujenga mabweni. Vijana waliofika kutoka pande zote za Ulaya walipanga vyumba katika nyumba za wenyeji, na baadhi yao walikaa na kula katika nyumba za maprofesa wenyewe. Kuni, maji ya kunawa, shuka, supu, na kuamshwa asubuhi kwa ajili ya mhadhara yalikuwa mambo ya mke wa nyumba na watumishi wake wa kike. Profesa aliyesifiwa kwa ukarimu wa meza yake alikuwa, kwa lugha nyepesi, mume wa mwanamke aliyejua kupika kwa ajili ya watu wengi.

Vitabu navyo vilipitia mikononi mwa mwanamke. Abraham Vandenhoeck, mchapaji Mholanzi aliyeanzisha kazi yake Göttingen mwaka 1735, alifariki mwaka 1750, na mjane wake Anna, mzaliwa wa Uingereza, akaishika biashara hiyo ya uchapishaji na uuzaji wa vitabu akisaidiwa na kijana aliyekuwa amefunzwa kazi humo humo, Carl Friedrich Günther Ruprecht. Aliiendesha hadi alipofariki mwaka 1787, yaani kwa miaka 37, muda mrefu zaidi ya mara mbili ya ule ambao mumewe alifanya kazi katika mji huo. Jina la Vandenhoeck & Ruprecht bado limo kwenye majalada ya vitabu vya kitaaluma, na msomaji anayelikuta hufikiri wanaume wawili. Ukweli ni kwamba kiungo kati ya majina hayo mawili ni Anna, ingawa alama & haina jinsia.

Kuhusu wajane, kuna jambo lililonichekesha. Chuo kilikuwa na mfuko wa kuwalipa pensheni wajane wa maprofesa, na katika miaka ya 1840 wakubwa waliingiwa na hofu kwamba wajane wanaongezeka na mfuko utafilisika. Walimwendea Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati mkuu wa zama zake, ambaye kati ya mwaka 1845 na 1851 alikaa na vitabu vya hesabu za mfuko huo akikokotoa uwezekano wa mwanamke kuishi muda gani baada ya mumewe. Jibu lake likawa kwamba mfuko ni mzima, na malipo yangeweza hata kuongezwa.

Sasa nije kwenye nyumba ambayo nilipita mbele yake kwa miaka miwili bila kujua ni nyumba gani. Ipo karibu na palipokuwa lango la Geismar, jengo kubwa la mawe lenye ngazi za mviringo zinazopanda kwa madaha hadi juu, na kwa miaka mingi limetumiwa na watu wanaosomea muziki. Lilijengwa kati ya mwaka 1785 na 1791 kuwa nyumba ya uzazi ya chuo kikuu, likichukua nafasi ya wodi ndogo iliyoanzishwa mwaka 1751, ambayo ilikuwa ya kwanza ya chuo kikuu katika nchi za Kijerumani. Wanawake waliojifungulia humo walikuwa maskini, wengi wao watumishi wa nyumbani waliopata mimba bila kuolewa na hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Walipewa kitanda na chakula bila malipo, na badala yake miili yao ikawa somo: wanafunzi wa udaktari na wanawake waliojifunza ukunga waliwapima kwa mikono kabla ya kujifungua, na uchungu ulipowashika walizungukwa na vijana waliokuja kutazama.

Mkurugenzi wa nyumba hiyo kuanzia mwaka 1792 hadi 1822 alikuwa Friedrich Benjamin Osiander, mtu aliyeamini mno vyombo vyake. Katika uzazi aliousimamia, takriban asilimia 40 ya watoto walitolewa kwa koleo, kiwango ambacho hata madaktari wengine wa wakati wake walikilaumu. Aliwahi kuandika kwamba wajawazito wa nyumba hiyo wachukuliwe kama masanamu ya mafunzo yenye uhai, yaani kama yale masanamu ya ngozi ambayo wanafunzi hutumia kujifunza namna ya kumtoa mtoto, isipokuwa haya yanapumua. Aliandika kumbukumbu za kila uzazi kwa uangalifu, na kwa sababu hiyo wanawake ambao mji usingewakumbuka kwa lolote wamebaki katika daftari zake: umri, mahali alikotoka, saa ngapi za uchungu, mtoto mzima au mfu.

Mwanangu alizaliwa katika mji huo. Usiku ule, kabla ya mambo kupamba moto, kijana mmoja wa mwaka wa nne alisimama mlangoni mwa chumba, akajitambulisha, akaniuliza kama ningemruhusu awepo, na akaongeza kwamba nikikataa hakuna atakayeudhika. Nilimruhusu. Alikaa kwenye pembe, akanishikia kikombe cha maji mara mbili, na asubuhi alinishukuru kwa unyenyekevu ambao wakati ule niliuona kama adabu ya kawaida ya Wajerumani. Nilipokuja kusoma habari za daftari za Osiander ndipo nilipotambua kwamba swali la yule kijana lilikuwa na umri mdogo sana katika historia ya mji. Elimu ya uzazi iliyomfikia yeye ilianzia kwa wanawake ambao hakuna aliyewauliza.

Wakati jengo lile la nyumba ya uzazi likiwa bado linajengwa, binti wa miaka 17 alikuwa akitahiniwa kwa ajili ya shahada ya udaktari wa falsafa. Dorothea Schlözer, aliyezaliwa mwaka 1770, alikuwa binti wa mwanahistoria August Ludwig Schlözer, ambaye alimlea kama mtu anayefanya jaribio la kitaaluma: lugha kadhaa tangu utotoni, hisabati, safari ya Roma akiwa na miaka 11, na baadaye kushuka kwenye migodi ya milima ya Harz ili aone kwa macho yake namna madini yanavyochimbwa. Mtihani ulifanyika tarehe 25 Agosti 1787 nyumbani kwa mkuu wa kitivo, profesa wa lugha za Mashariki Johann David Michaelis. Alihojiwa kwa Kijerumani, akafaulu, na akawa mwanamke wa pili kupata shahada ya udaktari katika nchi za Kijerumani, baada ya Dorothea Erxleben aliyepata ya tiba huko Halle mwaka 1754.

Shahada ilitangazwa Septemba, katika sherehe za miaka 50 ya chuo, ndani ya kanisa la Paulino. Msichana asiye na mume hakuweza kuketi katika hadhara ile, hivyo Dorothea alipelekwa kwenye maktaba iliyopakana na kanisa, akasikiliza jina lake likitajwa akiwa nyuma ya dirisha. Nimesimama katika kanisa hilo, ambalo sasa ni sehemu ya maktaba ya kihistoria, nikitazama juu nikijaribu kukisia ni dirisha lipi. Kinachonisumbua zaidi kuliko dirisha ni kilichofuata: aliolewa na mfanyabiashara wa Lübeck, mali ikafilisika mwaka 1810 pamoja na iliyokuwa yake, akarejea Göttingen akiuguza familia, na akafariki Avignon mwaka 1825. Ile shahada haikumpatia kazi hata ya siku moja. Baba yake alikuwa amethibitisha alichotaka kuthibitisha, na jaribio likaishia hapo.

Michaelis, aliyeuongoza mtihani ule, naye alikuwa na binti. Caroline, aliyezaliwa mwaka 1763, alikulia katika nyumba iliyojaa wageni na wasomi, akajifunza kwa kusikiliza na kwa kusoma chochote kilichomfikia, lakini hakuna aliyewahi kumtahini. Alipokuwa mjane alikwenda kuishi Mainz, akajihusisha na watu waliounga mkono jamhuri iliyotangazwa huko kwa mfano wa Ufaransa, na mwaka 1793 alifungwa katika ngome ya Königstein akiwa mjamzito. Mwaka uliofuata mamlaka za Hannover zikaamuru asikae Göttingen, mji aliozaliwa. Tafsiri maarufu za Shakespeare zinazobeba jina la mumewe wa pili, August Wilhelm Schlegel, zina kazi ya mikono yake pia, lakini jina lililochapishwa ni moja. Ninapomlinganisha na Dorothea, sijui ni yupi aliyefanyiwa ukali zaidi, yule aliyepewa karatasi isiyo na matumizi au yule aliyekuwa na matumizi bila karatasi. Mji uliwaita wote wawili, pamoja na mabinti wengine wachache wa maprofesa walioandika na kutafsiri, kwa jina la mzaha lenye maana ya mabinti wa chuo. Mmoja wao, Therese Huber, alichapisha hadithi zake kwa jina la mumewe, na baadaye, kuanzia mwaka 1817, alikuwa mhariri wa gazeti kubwa la Morgenblatt kwa miaka kadhaa.

Mlango ulipokuja kufunguliwa, wa kwanza kupita walikuwa wageni, na mimi niliyefika huko kama mgeni nalielewa hilo vizuri, kwa kuwa mgeni anaweza kupewa kitu ambacho mwenyeji angekifanya kuwa haki. Mwaka 1874 Sofia Kovalevskaya, Mrusi aliyefundishwa faraghani Berlin, alipewa shahada ya hisabati bila hata kufika mjini, na mwaka huo huo Mrusi mwenzake Julia Lermontova alifika, akahojiwa ana kwa ana, na kupata shahada ya kemia. Kisha, mwaka 1893, kwa juhudi za mwanahisabati Felix Klein, wizara ilikubali Mwingereza Grace Chisholm na Wamarekani Mary Winston na Margaret Maltby wasikilize mihadhara. Chisholm na Maltby walipata shahada zao mwaka 1895. Chisholm alikuwa ametoka Cambridge, ambako wanawake waliruhusiwa kufanya mitihani lakini hawakupewa shahada kamili hadi mwaka 1948, kwa hiyo huko Göttingen alikuwa amekimbilia penye nafuu.

Nafuu hiyo ilikuwa ya wanafunzi, kwa walimu mambo yalikuwa mengine. Emmy Noether alialikwa mwaka 1915 na Klein na David Hilbert, ambao walihitaji ujuzi wake wa aljebra ili kuielewa nadharia mpya ya Einstein. Kwa utaratibu wa Wajerumani, mtu hawezi kufundisha chuo kikuu kwa jina lake mpaka apate idhini maalumu inayotolewa baada ya kazi ya pili ya utafiti juu ya ile ya udaktari, na sheria ya Prussia haikuruhusu mwanamke kuipata. Wapinzani wake katika kitivo waliuliza askari wakirudi kutoka vitani watajisikiaje wakifundishwa na mwanamke, na husimuliwa kwamba Hilbert aliwajibu kuwa baraza la chuo si bafu la umma. Kwa miaka minne mihadhara ya Noether ilitangazwa kwa jina la Hilbert. Nadharia yake ya mwaka 1918, inayoonyesha kwamba nyuma ya kila kanuni ya uhifadhi katika fizikia, kama ile ya nishati, kuna ulinganifu wa maumbile, iliwasilishwa kwenye Jumuiya ya Sayansi ya Göttingen na Klein, kwa kuwa mwandishi mwenyewe hakuwa mwanachama. Nilipoisoma habari hiyo nililikumbuka dirisha la Dorothea.

Idhini aliipata mwaka 1919, mwaka ambao Edith Stein, aliyekuwa amesoma falsafa mjini humo kwa Husserl, aliiomba katika chuo hicho hicho na kukataliwa bila kazi yake kufikishwa mbele ya watahini. Stein hakunyamaza. Aliandikia wizara, na Februari 1920 wizara ikatoa tamko kwamba kuwa mwanamke si kizuizi cha kazi ya uprofesa. Tamko lile liliwasaidia waliokuja nyuma yake, kama mwanafizikia Hertha Sponer aliyepata idhini Göttingen mwaka 1925, kuliko lilivyomsaidia yeye. Noether alipewa cheo cha profesa mwaka 1922, cheo kisicho na mshahara, na malipo madogo ya kufundisha yakaanza mwaka 1923. Kumzunguka kulikuwa na kundi la vijana walioandamana naye katika matembezi marefu huku wakijadiliana hisabati, na aljebra inayofundishwa leo kila mahali imetoka kwa sehemu kubwa katika matembezi hayo. Aprili 1933, Wanazi walipokuwa wameshika utawala, alisimamishwa kazi pamoja na walimu wengine Wayahudi. Kwa muda aliendelea kufundisha nyumbani kwake, kisha akaenda Marekani, kwenye chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, akafariki huko mwaka 1935 baada ya upasuaji. Stein, mzaliwa wa familia ya Kiyahudi aliyekuwa ameingia utawa wa Kikatoliki, aliuawa katika kambi ya mauaji ya Auschwitz mwaka 1942.

Nyumba ninayopenda zaidi katika historia hii yote ni ya familia ya Goeppert. Baba alikuwa profesa wa tiba ya watoto, akafariki mwaka 1927, na mjane wake akafanya kile ambacho wajane wa Göttingen walikuwa wamefanya kwa karibu karne mbili: akapangisha vyumba. Mmoja wa wapangaji alikuwa Mmarekani, Joseph Mayer, mwanakemia aliyekuja kujifunza fizikia mpya. Binti wa nyumba, Maria, alikuwa akisoma fizikia kwa Max Born. Waliona vema waoane, na mwaka 1930, mwaka wa ndoa, Maria alipata shahada yake kwa kueleza kinadharia namna atomu inavyoweza kumeza chembe mbili za mwanga kwa mpigo, jambo lililokuja kuthibitishwa kwa majaribio baada ya leza kuvumbuliwa miongo mitatu baadaye. Walihamia Baltimore. Mume alipata kazi, mke hakupata, na kwa miaka mingi alifanya utafiti katika vyuo vya Marekani kwa malipo kidogo au bila malipo kabisa. Uprofesa kamili wenye mshahara aliupata San Diego mwaka 1960. Miaka mitatu baadaye akatunukiwa Nobeli ya fizikia kwa kazi yake juu ya muundo wa kiini cha atomu, mwanamke wa pili kuipata baada ya Marie Curie.

Nilimsimulia mama mwenye nyumba habari za mjane wa Goeppert tukiwa jikoni kwake. Hakushangazwa na Nobeli. Alitaka kujua kama yule Mmarekani alikuwa akilipa kodi kwa wakati, na kama baada ya kumwoa binti aliendelea kulipa. Kwenye kuta za nyumba nyingi za Göttingen kuna vibao vya mawe vyenye majina ya watu mashuhuri walioishi humo, desturi iliyoanza mwaka 1874, na majina hayo kwa wingi mno ni ya wanaume. Aliniambia kwamba kila anapokiona kibao, swali lake ni nani alikuwa na funguo.

Siku nilipotetea tasnifu yangu walinipandisha kwenye mkokoteni, wakanivisha kofia yenye mti wa mninga wa karatasi na mtoto wangu mapajani, wakanikokota hadi sokoni. Nilipanda, nikambusu Liesel, maana watu walikuwa wamekusanyika na mvua ilitaka kunyesha. Shada moja nilimwachia, la pili nilishuka nalo. Nilipofika nyumbani nilimpa mama mwenye nyumba, akalipokea, akayakata mashina chini ya bomba, akatafuta chombo kirefu. Kisha, akiwa bado amenipa mgongo, akaniuliza kama ningeweza kukitoa chumba kabla ya tarehe 30, kwa sababu kuna msichana wa hisabati anayekuja kutoka Leipzig na ameshalipa kodi ya mwezi wa kwanza.